Usafiri kwa baba wa kipato kidogo King County: LIFT, pasi ya bure, Vanpool au gari lako?

Baba anayeishi Kent au Tukwila, mwenye kazi ya ghala na watoto wawili, ana safari tatu za kupanga. Kazini anatakiwa saa kumi na moja alfajiri. Jumatano mtoto mmoja ana miadi kliniki. Jumamosi anamfuata mwingine kwa mama yake. Wengi hukwama kwa sababu wanatafuta msaada mmoja wa kubeba safari zote tatu, wakiukosa wanakopa ili wanunue gari bovu. Katika kaunti hii ya jimbo la Washington misaada ipo kadhaa, nayo inaweza kuunganishwa. Huu ni ulinganisho wake, kwa baba Mkongo, Mrundi, Mkenya au Mtanzania anayeanza au aliyekwisha kuzoea.

## Vipimo vya kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa mambo yaleyale: gharama, sharti, saa na eneo, mtoto, kinachokwama, na anayefaa.

Sharti linahitaji neno la ziada. Misaada mingine huangalia kipato chako tu. Mingine hutaka mtoto awe anakaa kwako. Baba aliyetengana na mama wa watoto hukosa hii ya pili hata kama analipa matunzo kila mwezi bila kukosa, na hata kama kila wikendi watoto wako kwake. Tunaona hilo si haki, lakini ndivyo sheria zilivyo. Kwa hiyo jiulize mapema: kwenye karatasi za serikali, mtoto anakaa kwa nani? Jibu litakuokolea foleni nyingi.

Jambo jingine la kujua kabla ya hesabu yoyote: tangu tarehe 1 Septemba 2022, watoto wa miaka 18 na chini hawalipi nauli kwenye mabasi ya Metro wala mabasi na treni za Sound Transit, na tangu Oktoba 2022 hata kwenye feri za jimbo. Nauli ya kuhesabu ni yako peke yako, hata ukiwa na watoto watano.

## ORCA LIFT

Gharama: LIFT ni kadi ya ORCA, yaani kadi ya nauli, yenye punguzo kwa wenye kipato kidogo. Nauli ni dola 1 kwenye basi la Metro, treni ya Link, mabasi ya ST Express na treni ya Sounder. Mtu mzima asiye na punguzo hulipa dola 3 kwenye Link, na tangu Septemba 2025 hulipa dola 3 kwenye Metro pia. Kadi ya kawaida inauzwa dola 3. Ya LIFT hutolewa bure.

Pasi ya mwezi ya LIFT ni dola 36, sawa na nauli 36. Piga hesabu kabla ya kuinunua. Anayefanya kazi siku 5 kwa wiki ana safari kama 43 kwa mwezi, kwenda na kurudi, kwa hiyo pasi inamwokolea dola 7. Anayefanya siku 4 ana safari 34 au 35. Kwake pasi ni hasara ndogo, na ni heri aweke pesa kwenye kadi akatwe kila safari. Ukiwa chini ya wakala wa vibarua anayekuita leo na kesho hakuiti, usinunue pasi mpaka ratiba itulie.

Lenye manufaa zaidi kwa baba ni saa 2 za kuunganisha. Ukigusa kadi saa moja asubuhi, mpaka saa tatu kila basi la Metro au treni ya Link unayopanda imo ndani ya dola ileile. Mpeleke mtoto kwa mlezi, shuka, mkabidhi, panda basi linalofuata kwenda kazini: umelipa mara moja. Ukilipa kwa pesa taslimu, haki hiyo ya kuhamia kwenye treni huna.

Sharti: Umri wa miaka 19 hadi 64, na kipato cha kaya kisichozidi mara mbili ya mstari wa umaskini wa taifa. Kwa viwango vya 2025, hiyo ilikuwa dola 31,300 kwa mwaka kwa mtu mmoja na dola 64,300 kwa kaya ya watu wanne. Kwa hiyo hata mwenye kazi ya kudumu anaweza kustahili, na wengi hawajui. Haijalishi mtoto anakaa kwa nani. Ila usijaze watoto wanaoishi kwa mama yao kwenye idadi ya kaya yako kabla ya kuuliza. Eleza hali ilivyo, afisa ahesabu mwenyewe.

Andaa kitambulisho chenye picha na uthibitisho mmoja wa kipato: kadi ya ProviderOne ya Apple Health (bima ya afya ya serikali), barua ya Basic Food (msaada wa chakula), au karatasi za mshahara za siku 30 zilizopita. Maombi hufanyika mtandaoni au kwenye madawati ya idara ya afya ya umma ya kaunti.

Saa na eneo: Ukiwa kando ya Pacific Highway una basi la RapidRide A, kati ya Burien, Tukwila na Renton una RapidRide F, Link inapita SeaTac na Tukwila kwenda mjini. Tatizo ni usiku. Link hupumzika kuanzia kama saa saba usiku mpaka karibu na saa kumi na moja alfajiri, na zamu nyingi za maghala huanza saa hiyohiyo. Tatizo la pili ni kipande cha mwisho: kituo kiko hapa, lango la ghala liko maili moja na nusu mbele, na njia ya watembea kwa miguu haipo. Kwa hilo jaribu Metro Flex, gari dogo unaloliita kwa simu. Lina maeneo yake, yakiwemo ya Tukwila na Kent, nauli yake ni ya basi, na LIFT inakubalika. Fungua ramani uone kama ghala lako limo ndani ya mpaka na kama saa zako zimo, maana usiku mzima halifanyi kazi.

Mtoto: Bure, kama tulivyosema. Kwenye basi huhitaji kiti cha gari cha mtoto.

Kinachokwama: LIFT ina tarehe ya mwisho. Ikipita, kadi haikatai wala haikuambii. Inaendelea kulia kwenye mashine, ila inakukata nauli kamili. Mtu anashangaa salio linaisha Jumatano badala ya wiki ijayo. Siku unapoipokea, andika tarehe hiyo kwenye simu na ujikumbushe mwezi mmoja kabla. Pili, sajili kadi kwa jina lako kwenye akaunti ya myORCA. Ikipotea, salio litahamishiwa kadi mpya. Tatu, kwenye Link gusa kabla ya kupanda. Kugusa wakati wa kushuka hakuhitajiki tena tangu nauli ilipofanywa moja mwezi Agosti 2024. Nne, kadi ni ya mtu mmoja. Usimwazime shemeji.

Anayefaa: Karibu kila baba mwenye kipato kidogo, hasa asiyekaa na watoto wake, maana hapa haulizwi habari za malezi.

## Pasi ya mwaka ya bure

Jina lake rasmi ni Subsidized Annual Pass. Ilianza Oktoba 2020.

Gharama: Sifuri, kwa muda wa hadi miezi 12, kwenye Metro na Sound Transit.

Sharti: Hapa lango ni jembamba. Kipato kisizidi asilimia 80 ya mstari wa umaskini (kwa 2025 ilikuwa dola 12,520 kwa mtu mmoja, dola 25,720 kwa kaya ya watu wanne), na juu ya hapo uwe ndani ya mmoja wa mipango sita ya msaada: TANF, ambayo ni fedha kwa familia zenye watoto, RCA, yaani fedha za wakimbizi wapya, ABD, ya wazee na wenye ulemavu, SSI, fedha za serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu, HEN, ya makazi na mahitaji muhimu, au msaada wa wajawazito. Basic Food peke yake haitoshi. Apple Health peke yake haitoshi pia. Hapo ndipo watu wengi hugeuzwa dirishani.

Baba anayeishi na watoto wake huingia kupitia TANF. Baba mgeni aliyefika kama mkimbizi huingia kupitia RCA. Baba mwenye ulemavu asiyekaa na watoto huingia kupitia ABD au SSI.

Saa na eneo: Sawa na LIFT, kwa sababu mabasi ni yaleyale.

Mtoto: Hakuna tofauti, mtoto tayari ni bure.

Kinachokwama: Wengi husubiri. RCA ni ya muda mfupi tangu siku ya kufika. Ukiombea pasi baada ya RCA kwisha, umechelewa. Omba wiki ileile unapopata barua ya RCA. Kosa la pili ni kudhani pasi itajihuisha yenyewe. Mwaka ukiisha unapimwa upya, na kama umepata kazi huenda ukashuka kwenye LIFT. Usione aibu wala hasara: kutoka bure kwenda dola 1 bado ni theluthi ya nauli ya wengine.

Anayefaa: Baba asiye na mshahara au anayeanza upya kabisa.

## Safari za matibabu kupitia Hopelink

Gharama: Hakuna. Ni haki iliyomo ndani ya Apple Health, bima ya afya ya serikali. Kwa kaunti za King na Snohomish anayepanga safari hizo ni Hopelink.

Sharti: Mgonjwa awe na Apple Health na asiwe na njia nyingine ya kufika. Zingatia neno mgonjwa. Mtoto akiwa na Apple Health, safari ni haki ya mtoto, nawe unapanda kama mzazi anayemsindikiza, hata kama wewe mwenyewe bima hiyo huna. Unachohitaji ni namba ya ProviderOne ya mtoto: tarakimu 9 zinazofuatiwa na WA. Baba asiyekaa na mtoto aiombe namba hiyo kwa mama mapema, aihifadhi kwenye simu.

Saa na eneo: Agiza siku kadhaa za kazi kabla, zisipungue mbili. Jumatatu asubuhi kwa miadi ya Jumatatu mchana hutapata. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili mwanzoni mwa simu, kabla ya kuanza kujieleza. Taja jina la kliniki, anwani, saa ya miadi na muda inaokadiriwa kuchukua.

Hopelink huchagua njia ya bei nafuu inayokufaa: inaweza kuwa nauli ya basi, malipo ya maili kwa anayekuendesha, gari la pamoja au teksi. Ukiwa na mtoto mgonjwa, strola na mapacha, eleza hayo yote. Wasipoyajua watakupa basi.

Mtoto: Njoo na kiti chake. Sheria ya Washington inataka mtoto wa chini ya miaka 2 akae akitazama nyuma, na kila mtoto aliye chini ya futi 4 na inchi 9, yaani sentimita 145, awe kwenye kiti kinachomfaa.

Kinachokwama: Anwani. Wiki mtoto yuko kwako, lakini kwenye kumbukumbu anwani yake ni ya mama, dereva anakwenda mlango usio wenyewe. Wakati wa kuagiza taja mahali mtoto atakapokuwa siku hiyo. Jingine ni safari ya kurudi: uliza kama imewekewa saa au utapiga simu ukimaliza. Ikiwa ni ya kupiga simu, usisubiri dawa ya famasia kwanza. Piga daktari anapomaliza, kwa kuwa gari la pamoja huchukua muda kufika. Na ukighairi, toa taarifa mapema.

Anayefaa: Mwenye mtoto wa kliniki za mara kwa mara, kama pumu au sikoseli. Kwa kazi, duka au shule, huduma hii haihusiki.

## Nauli kupitia mafunzo na utafutaji kazi

Milango ni miwili na haifanani. WorkFirst ni ya walio kwenye TANF, kwa hiyo ni ya baba anayekaa na watoto. BFET ni ya wanaopata Basic Food lakini hawapo kwenye TANF. Baba anayeishi peke yake akiwa na Basic Food anaweza kuingia BFET, na kwa maoni yetu huu ndio mlango unaosahauliwa kuliko yote.

Gharama: Hulipi. Unaweza kupewa kadi ya basi au ya mafuta, na kwa upande wa WorkFirst hata matengenezo ya gari au ada ya leseni, ikionekana kwamba bila hayo huwezi kufika kazini.

Sharti: Lazima uwe unashiriki kweli: kozi ya Kiingereza, cheti cha ufundi, kutafuta kazi. Kwa WorkFirst kila kitu huandikwa kwenye mpango wako binafsi, unaoitwa IRP. Kama usafiri haumo kwenye IRP, hakuna fedha za kuulipia. Kabla ya kutia sahihi, mwombe afisa auandike. Kwa BFET, kiasi cha msaada hutegemea chuo au shirika ulilojiandikisha, hivyo uliza kabla ya kuchagua kozi.

Saa na eneo: Fedha hizi hufuata ratiba ya darasa au kazi iliyoandikwa. Safari za wikendi kwa watoto hazimo.

Mtoto: Ikibidi kumpitisha mtoto kwa mlezi njiani, sema, inabadilisha urefu wa safari na kiasi unachohitaji.

Kinachokwama: Kulipa mfukoni kwanza ukitumaini kurudishiwa. Fundi akimaliza gari kabla kibali hakijatoka, deni ni lako. Leta makadirio ya fundi kwa maandishi, subiri kibali, ndipo kazi ianze.

Anayefaa: Aliye darasani au kati ya kazi moja na nyingine.

## Vanpool ya Metro

Gharama: Kikundi cha wafanyakazi wenza hupewa gari na Metro, na mafuta, bima na matengenezo yamo ndani. Bei ya mwezi hutegemea umbali, nanyi mnagawana. Waajiri wengine hulipa sehemu au yote, kwa hiyo swali la kwanza lipeleke ofisi ya rasilimali watu kazini kwako.

Sharti: Kipato hakiulizwi. Anayeendesha awe wa kujitolea kutoka kikundini, mwenye leseni halali na rekodi safi.

Saa na eneo: Nguvu yake iko hapa. Gari linafuata zamu yenu: saa kumi alfajiri, saa sita usiku, Jumapili. Linaingia mpaka lango la ghala, mahali ambapo basi halifiki.

Mtoto: Ni gari la kazini, halipitii kwa mlezi wa mtoto. Kama asubuhi unamshusha mtoto wewe, kikundi kizima hakitakusubiri.

Kinachokwama: Dereva mmoja tu. Akiugua au akihama, kikundi kinavunjika. Muwe na madereva wawili tangu siku ya kwanza. Pia mtu mmoja akijitoa, mgao wa waliobaki hupanda. Na shule ikikupigia simu mchana kwamba mtoto ana homa, gari halirudi mpaka zamu iishe. Uliza mapema kama kuna mpango wa safari ya dharura.

Anayefaa: Baba wa zamu ya usiku au alfajiri, mwenye majirani wanaofanya kazi pamoja. Jamii zetu hapa Kent zimejaa watu wa ghala moja wanaoishi jengo moja, kila mmoja na gari lake linalomla.

## Gari lako

Gharama: Watu huhesabu mafuta tu. Mamlaka ya kodi ya taifa, kwa 2025, ilikadiria gharama nzima ya kuendesha gari kwa kazi kuwa senti 70 kwa maili, ikijumlisha mafuta, bima, kuchakaa na matengenezo. Kazi iliyo maili 20 kutoka nyumbani ni maili 40 kwa siku, yaani dola 28. LIFT kwa safari hiyohiyo ni dola 2. Ndani ya eneo la Sound Transit, ambamo Kent, Tukwila na SeaTac zimo, usajili una kodi ya ziada ya asilimia 1.1 ya thamani ya gari. Umiliki lazima uhamishwe ndani ya siku 15 tangu kununua, la sivyo kuna faini.

Sharti: Leseni ya Washington ndani ya siku 30 za kuhamia, na bima ya angalau dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa ajali nzima na 10,000 kwa mali.

Saa na eneo: Wakati wowote, popote. Hapo gari halina mshindani.

Mtoto: Nafuu kubwa kwa mwenye watoto wadogo watatu na mifuko ya chakula. Viti vya watoto viwe vyako na vifungwe sawasawa.

Kinachokwama: Leseni. Baba anayedaiwa matunzo ya mtoto kwa kiasi cha miezi 6 au zaidi anaweza kusimamishiwa leseni na jimbo. Akiendelea kuendesha, hilo ni kosa la jinai, na sasa ana kesi juu ya deni. Barua ya onyo ikifika usiifiche kabatini: piga simu idara ya matunzo kabla ya tarehe iliyoandikwa, omba mpango wa malipo, na kama mshahara umeshuka omba pia kiwango kipitiwe upya. Mpango ukikubaliwa na kufuatwa, leseni inaweza kubaki au kurudishwa. Wakati unashughulikia hilo, panda basi.

Anayefaa: Mwenye zamu za usiku asiye na wenzake wa Vanpool, mwenye watoto wa shule tofauti, au ambaye kazi yenyewe inahitaji gari.

## Kulingana na hali yako

Huna kazi na watoto wanakaa kwako: anza na TANF, chukua pasi ya bure, na hakikisha usafiri umeandikwa kwenye IRP.

Huna kazi na watoto wako kwa mama yao: LIFT kwanza, ambayo unaweza kuipata kwa barua ya Basic Food, kisha BFET ikusaidie nauli ya kozi. Ukiwa na RCA, kimbilia pasi ya bure kabla RCA haijaisha.

Una kazi ya mchana karibu na RapidRide au Link: LIFT, na amua pasi ya dola 36 au salio kwa kuhesabu siku zako.

Zamu yako inaanza kabla ya treni: kusanya wenzako kwa Vanpool, na ubaki na LIFT mfukoni kwa safari nyingine zote. Kikundi kikikosekana, gari linaweza kuwa sahihi, lakini lipigie hesabu ya senti 70 kwanza.

Unamfuata mtoto Tacoma wikendi: Sounder haifanyi safari za kawaida Jumamosi na Jumapili, hivyo panga kwa mabasi ya ST Express kupitia Federal Way. Weka salio la angalau dola 4 siku ya Ijumaa. Unakwenda peke yako kwa nauli moja na kurudi na mtoto kwa nauli ileile moja, kisha Jumapili kumrudisha, vivyo hivyo.

Leseni imesimamishwa: LIFT leo, idara ya matunzo kesho asubuhi, na kwa kliniki ya mtoto piga Hopelink ukiwa na namba yake ya ProviderOne mkononi.